X Nyekundu Mtaani Kwa Fundi Saa

Iko nchi moja, na msiulize iko wapi maana wenyewe hawapendi kutajwa bila kibali, ambayo watu wake ni wapole, mvua yake ni ya kutosha na vyumba vyake vyote ni vya kupanga. Katika nchi hiyo kodi ya nyumba ilikuwa na tabia ya kupanda. Ilipanda masika, kwa sababu paa limefanya kazi. Ilipanda kiangazi, kwa sababu paa limepumzika na liko katika hali nzuri. Barabara ilipowekwa lami ilipanda, na lami ilipobanduka ikapanda tena, kwa kuwa sasa mtaa umetulia, hakuna makelele ya magari. Mwaka huo ilikuwa imepanda mara tatu kabla ya mwezi wa tano, na habari zikamfikia Mlezi Mkuu wa Taifa akiwa mezani.

Mlezi Mkuu alisikitika sana. Inasemekana hata supu hakuimaliza. Siku hiyohiyo akaingia redioni.

"Ndugu wananchi," alisema, "nimesikia kodi za nyumba zimepanda. Mimi si mtu wa maneno mengi. Nimeagiza zishushwe kwa nguvu."

Na kwa kuwa hakuwa mtu wa maneno mengi, akaendelea kwa saa tatu na robo kueleza nguvu ni nini.

Ndivyo ilivyozaliwa Operesheni Shusha: mgambo mia mbili, kila mmoja na rungu jipya na buti za saizi moja, chini ya Kanali Magongo, mtu mwenye mabega mapana na masikio madogo. Mtaa wa kwanza kufikiwa ulikuwa Kwa Fundi Saa.

Asubuhi walipofika, Mwajabu alikuwa uani akifua nepi. Tangu ajifungue hakuna aliyemwita Mwajabu tena. Alikuwa Mama Tunu kwa kila mtu, hata kwa mama yake mzazi. Alikuwa msusi. Alipanga chumba cha nyuma katika nyumba ya Mzee Shomvi, nyumba ya vyumba sita na korido katikati, choo kimoja, na mita moja ya umeme iliyowagombanisha wote. Mumewe alitoka mwaka uliopita kwenda kutafuta chumba cha bei nafuu, na Mama Tunu aliamini kwamba bado anatafuta. Tunu alikuwa na miezi tisa, meno mawili, na magoti meusi kwa kutambaa.

Kikosi kilikuwa na amri ya kushusha kodi, lakini hakuna askari aliyewahi kuiona kodi kwa macho. Wakaanza na ukuta wa nyumba ya kwanza. Waliupiga marungu kwa nusu saa nzima. Kodi haikushuka, ilishuka plasta. Kanali Magongo akaona hapo pana utaalamu fulani unahitajika, akawaita wenye nyumba wote kwenye kibanda cha chai awasikilize.

Aliyewasemea ni Mzee Shomvi, mzee msafi, kanzu nyeupe, mpole wa kusema.

"Afande," alianza, "sisi tukitaja bei, yale ni maneno tu. Ni upepo. Bei haiwi bei mpaka atokee mtu ailipe. Sasa jiulize, nani analipa?"

Kanali Magongo akafikiri kwa muda wa vikombe viwili.

"Wapangaji," akasema.

"Umesema wewe, Afande. Mimi sikutaja mtu."

Basi siku ile walipigwa wapangaji, na waliopigwa zaidi ni wenye risiti, kwa sababu ushahidi wao ulikuwa kamili. Bi Semeni wa chumba cha pili, mjane ambaye katika miaka thelathini hakuwahi kuchelewesha kodi hata siku moja, aliposikia wanaulizwa wanaolipa alitoka na bati lake la biskuti lililojaa risiti, uso umemng'aa kama mtu aendaye kupokea zawadi. Walimpiga risiti kwa risiti. Walipofika mwaka wa nane mikono ikawachoka, na Bi Semeni alikuwa ameshapoteza meno mawili ya mbele na fahamu kidogo.

Mama Tunu alipata moja tu, la bega, alipokuwa akikimbia. Kina mama wa nchi ile wakikimbia huwabeba watoto kifuani, kwa kuwa mgongo ni wa Serikali.

*

Ijumaa Mzee Shomvi akapiga hodi chumba cha nyuma.

"Karibu, baba," Mama Tunu akasema.

"Bega linaendeleaje, mwanangu?"

"Linauma. Mkono haupandi. Jana nimemsuka mteja kapiga magoti chini ndipo nikakifikia kichwa chake."

"Pole sana. Hata mimi nimekuja kwa huzuni." Akaketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, akakunja kanzu isiguse chini. "Kuanzia mwezi ujao chumba ni elfu themanini."

"Baba, si ni arobaini?"

"Ilikuwa. Sasa mtaa una ulinzi. Wale vijana umewaona, na marungu yao mapya. Mtaa wenye vijana kama wale utaupata wapi kwa arobaini? Na ile chai waliyokunywa, mwanangu, hawakulipa wao. Halafu ni miezi sita kwa mkupuo, kama ilivyo desturi."

"Nikikosa?"

"Dalali Pwechu ana mtu. Mtu wa ofisini. Hana mtoto, hapiki vitunguu." Akasimama, akampapasa Tunu kichwani. "Una mpaka tarehe mosi. Mtoto kakua, mashallah."

Mama Tunu akabaki ameshika kitana. Waliokosa vyumba mtaani kwao walihamia bondeni, nyuma ya jalala, wakalala chini ya maboksi. Mwezi uliopita mbwa walimng'ata uso mtoto mchanga kule, na hospitali ikamwandikia mama yake kwamba mtoto hana anwani, kwa hiyo hakung'atwa mahali popote. Tangu hapo Mama Tunu alikuwa akiamka na kuhesabu vidole vya mwanawe.

Mbele ya nyumba yao, ng'ambo ya kichochoro, palikuwa na nyumba iliyoinama kama mtu anayetafuta shilingi. Ukutani mwake ilichorwa X kubwa nyekundu. Mamlaka ya Kunyoosha Barabara iliichora miaka sita nyuma, maana yake nyumba itabomolewa wakati wowote. Lakini wakati wowote katika nchi ile ulikuwa mrefu. Nani angekubali kulipa pesa nyingi mahali panapoweza kubomolewa kesho? Kodi ya humo ilikuwa elfu kumi na tano, na haikupanda kamwe. Watu walizaa humo, wakaozesha humo, na ile kesho haikufika.

Akaenda kwa Pwechu, dalali aliyekaa kwenye kiti cha plastiki chini ya mwavuli wa kampuni ya simu.

"Chumba nyumba ya X?" Pwechu akacheka mpaka miwani ikamteleza. "Dada, unaota mchana. Kwanza weka hela ya kuonyeshwa."

"Lakini hujanionyesha kitu."

"Basi ya kusikilizwa." Akaipokea, akaitia soksini. "Sikia. Nyumba za X ziko nne mtaa mzima. Wanaokaa mle hawatoki. Mwezi wa pili walichomana visu kwa ajili ya stoo. Stoo, dada, si chumba. Mmoja akafa, mwenzake akafungwa."

"Na stoo?"

"Akapewa shahidi."

Mama Tunu alirudi polepole. Alipofika kichochoroni akasimama akaiangalia ile X. Mistari miwili tu. Hakuna saini, hakuna muhuri, hata namba haina. Akaushika ukuta wa nyumba yao, uliokuwa mtupu, mweupe, wa elfu themanini.

*

Mke wa fundi mmoja anayeandika maneno nyuma ya malori alikuwa mteja wake. Wiki ile alimsuka bila kutoza pesa, akalipwa nusu kopo la rangi nyekundu na brashi iliyoota upara.

Jumanne, tarehe mosi, ilikuwa siku ya hotuba. Sheria ilitaka kila raia, redio ikianza, asimame wima ameielekea. Saa nne asubuhi wapangaji wote wa Mzee Shomvi walisimama uani mbele ya redio ya mwenye nyumba, na mgambo mmoja mlangoni kuhakikisha masikio yako wazi. Mtaa mzima ulikuwa hivyo. Nje hapakuwa na hata kuku, maana kuku nao walikuwa wamefungiwa baada ya mmoja kuwika katikati ya hotuba iliyopita.

Mlezi Mkuu alipofika kwenye mafanikio, Mama Tunu akamfinya Tunu paja. Hakuwahi kumfinya tangu azaliwe. Tunu akamtazama kwanza, kama anayeuliza, halafu akaangua kilio.

Kulia wakati wa mafanikio ni kupinga. Mgambo akamwonyesha kwa rungu: toka naye. Akatoka kwa mlango wa mbele, machozi yakimlenga yeye kuliko mtoto, kopo limejificha ndani ya kanga. Mstari wa kwanza ulitetemeka, wa pili ukanyooka. Redio ilipokuwa ikipigiwa makofi alikuwa amesharudi uani, mtoto akinyonya, na kidole gumba chekundu amekificha ngumini.

Mzee Shomvi alipotoka kwenda msikitini adhuhuri, aligeuka kuitazama nyumba yake kama alivyozoea, kama wengine wanavyoitazama picha ya harusi. Akaketi chini hapohapo, na kanzu yake nyeupe.

Mtu wa ofisini alikuja jioni na godoro lake kichwani, akaiona X, akageuka na godoro lake bila kusalimia. Kesho yake vyumba viwili vilihama. Keshokutwa Mzee Shomvi akapiga hodi chumba cha nyuma, na safari hii hakukalia ndoo, alisimama.

"Mama Tunu, usinikimbie, mwanangu."

"Baba, nyumba ina X."

"Naijua. Lipa ishirini."

"Wenzetu ng'ambo wanalipa kumi na tano."

"Basi kumi na tano. Na hiyo miezi sita tuiache, kwa kuwa tumeshazoeana."

Akakubali akiwa ameangalia chini. Alimwonea huruma, na furaha ilimpanda kwa wakati uleule, akashindwa kujua uso auweke vipi. Usiku alilala bila kuhesabu vidole vya mtoto.

Kosa lake lilikuwa moja: alimwambia Bi Semeni. Alimwambia kwa sababu Bi Semeni alikuwa bado anakula uji kwa pembe ya mdomo, na alitaka kumchekesha. Bi Semeni alicheka kweli, akaapa kwamba siri hiyo atakufa nayo, halafu akaenda kuwaapisha watu kumi na wanne wasiitoe.

*

Ndani ya wiki mbili, kopo la rangi nyekundu lilikuwa ghali kuliko kodi. Wapangaji walinunua kwa vijiko. X zilijaa Kwa Fundi Saa: X nene, X nyembamba, X za mkono wa kushoto, moja iliyochorwa na mlevi ikawa na miguu mitano. Wenye nyumba wakaanza kulinda kuta zao. Walikesha na mapanga, wakawekeana zamu, wakafuga mbwa. Kijana mpangaji wa nyumba ya kona alikutwa kwenye mstari wa pili. Panga lilishuka mara moja tu, na mkono ulioshika brashi ukaanguka mchangani, ukiwa bado na nia. Wenzake wakaimalizia ile X bila kutafuta rangi nyingine. Siku ya tatu mwenye nyumba huyo alikutwa kisimani kwake, kichwa chini.

Gazeti la Serikali liliandika kwamba wananchi wa Kwa Fundi Saa wanajadiliana kuhusu bei.

Kodi zikashuka mtaa mzima. Zilishuka mpaka kumi na tano, pengine kumi. Kanali Magongo, ambaye hakujua ni kwa nini, akavishwa nishani, naye akawapa vijana wake siku moja ya mapumziko wasipige mtu isipokuwa kwa hiari.

Sasa siku moja mpima wa Mamlaka ya Kunyoosha Barabara alipita Kwa Fundi Saa kununua nyama ya kitimoto, akahesabu X sitini na moja. Orodha ya ofisini ilikuwa na nne. Kikao kiliitwa, kikakaa siku mbili na posho zake. Hoja ilikuwa nzito: ama orodha ina makosa, au kuta zina makosa. Mkurugenzi akauliza kama kuna mtu mwingine nchini mwenye mamlaka ya kuchora X. Wakamjibu hakuna. "Basi tumechora sisi," akasema, "na aliyesahau kuandika orodhani akatwe mshahara." Orodha ikarekebishwa, zikawa sitini na moja. Na kwa miaka sita walikuwa wameona nyumba nne hazitoshi kuwashia katapila. Sitini na moja zilitosha. Ikapangwa Alhamisi, saa nne.

Tangazo lilibandikwa Jumatatu. Mama Tunu alilisoma mara tatu, kidole kikifuata mistari, kisha akamfunga Tunu kifuani akaenda kwa miguu mpaka Mamlaka.

Karani wa dirishani alikuwa akila karanga.

"Kaka, samahani," Mama Tunu akasema kwa sauti ndogo. "Ile X ya nyumba namba kumi na nne, nimeichora mimi."

"Umechora nini?"

"X. Kwa brashi. Nyumba haimo kwenye mpango wenu. Nifungeni mimi, nyumba muiache, ina watoto saba."

Karani akaacha kutafuna. Akaangalia kushoto na kulia, akainama dirishani.

"Mama, X ya Serikali haichorwi na mtu."

"Nimeichora, kaka. Tazama, kidole hiki hapa, rangi haijatoka kwenye kucha."

"Unaelewa unachosema? Unasema Serikali inaweza kuigwa na msusi."

"Sijasema hivyo."

"Umesema." Akapitisha mkono dirishani akamchapa kofi, si la hasira, la kikazi. Tunu akashtuka, akamshika mama yake pua. "Hilo ni la kukanusha. Ukirudia tena, ni la mahakamani. Na usije ukathubutu kuifuta. Kufuta X ni miaka saba. Mwingine."

"Sasa nifanye nini?"

Karani akalainika kidogo, akarudi kwenye karanga zake. "Subiri ibomolewe. Mkishabomolewa mnapewa cheti bure, chenye muhuri. Watu wengi hawajui haki zao."

*

Alhamisi saa nne katapila likaja, na mbele yake mgambo mia mbili. Kina mama walikuwa wametandika mikeka katikati ya njia, wakaketi na sufuria zao. Walitolewa pamoja na mikeka, wengine wakiburutwa kwa nywele; Mama Tunu aliona rasta alizozisuka Jumamosi zikibaki mkononi mwa askari. Wanaume walirusha mawe. Jiwe moja lilimpata mgambo jichoni, likalitoa, na wenzake wakalipiza macho manne kwa kuwa Serikali haikai na deni. Tarishi mstaafu wa posta, wa nyumba ya sita, alikataa kutoka. Alijifungia chumbani, akasema kupitia dirishani kwamba amepeleka barua za watu miaka arobaini na hii hakuipokea. Katapila likapita. Katika taarifa ya jioni idadi ya watakaohitaji makazi ilipunguzwa kwa mmoja.

Lakini kulikuwa na tatizo dogo la mafuta. Zilitolewa lita za kubomoa nyumba sitini na moja, na njiani kutoka ghala hadi Kwa Fundi Saa mafuta hayo yalipita kwa mabwana wengi. Yalipofika yalitosha nyumba moja, tena ndogo. Kanali Magongo, aliyekuwa mmoja wa mabwana, akapiga hesabu, akaamuru kila nyumba ipigwe pigo moja, palepale penye X, na iandikwe imebomolewa yote.

Namba kumi na nne ilipigwa saa saba. Ukuta wa mbele ukaanguka wote pamoja na X yake, vyumba viwili vya mbele vikaanguka, kimoja cha Mzee Shomvi naye akiwa ndani, na nusu ya korido. Kitanda chake cha mbao za msaji kilikunjika kama kiti cha harusini. Vumbi lilipotulia, vyumba vinne vya nyuma vilikuwa vimesimama, wazi upande wa barabara. Kopo la maziwa la Tunu lilikuwa bado juu ya meza, na mfuniko wake.

Karani wa kikosi akapita na vyeti. Mama Tunu, kwa kuwa ndiye mpangaji aliyesimama karibu, akapewa cha namba kumi na nne. Akakikunjua, akakisoma taratibu. *Cheti cha Kutokuwepo. Nyumba Na. 14 haipo.* Chini palikuwa na muhuri wa Serikali na saini ya Kanali.

Mzee Shomvi alitoka kwenye kifusi akiwa hai, kanzu imekuwa nyekundu begani, damu ikimtoka juu ya sikio. Akatazama nyumba yake. Akatazama barabara, pana sasa, iliyonyooka. Akavitazama vyumba vinne vya nyuma ambavyo toka vijengwe vilitazamana na choo, na ambavyo sasa vilitazamana na barabara kuu. Kitu kikarudi machoni mwake.

Pwechu dalali naye alikuwa ameshakiona. Alikuja akiruka matofali, nyuma yake bwana mmoja mwenye futi ya kupimia.

"Mzee, pole kwa msiba. Hizi ni fremu za biashara hizi. Barabarani kabisa. Huyu bwana anataka duka la simu. Laki mbili kwa mwezi, kila moja."

Mzee Shomvi akafuta damu kwa kiganja. "Mama Tunu," akasema, na sauti yake ilikuwa ya upole uleule. "Umesikia, mwanangu. Laki mbili. Kama huna, mpishe mwenzio leo hii."

Mama Tunu alikuwa ameketi kizingitini mwake. Hakuwa na nguvu ya kulia. Akanyoosha kile cheti.

"Baba, nyumba haipo. Imeandikwa hapa."

"Karatasi tu hiyo."

"Ina muhuri. Ukidai kodi ya nyumba isiyokuwepo, unadai ya nini?"

"Usibishane naye, Mzee," Pwechu akadakia, akaupigapiga ukuta kwa kiganja watu wote wasikie. "Nyumba ipo. Hii hapa. Naishika. Nani kasema haipo? Kipofu gani kasema haipo?"

Barabarani Kanali Magongo akageuza shingo. Alikuja polepole, nishani ikimning'inia, askari sita nyuma yake.

"Nani ananiita kipofu?"

Mwenye futi akatoweka kabla swali halijaisha. Pwechu alitaka kueleza, lakini mkono wake ulikuwa bado ukutani, na rungu la kwanza liliukuta hapohapo. Mfupa ulisikika mpaka ng'ambo. Walimpiga mpaka akakubali kwamba hakuna ukuta, kwamba ameegemea hewa, kwamba hata yeye hana uhakika kama yupo. Akaondoka akitambaa, na soksi zake wakazibakiza kwa uchunguzi.

"Na huyu?" Kanali akamwelekezea rungu Mzee Shomvi. "Huyu ndiye mwenye kudai kodi?"

Mzee Shomvi akafungua mdomo. Rungu likamshukia gotini, akaanguka juu ya matofali yake mwenyewe. La pili likamshukia mgongoni. Alilia kama watoto wanavyolia, bila kujificha.

Mama Tunu aliona. Alikuwa na haki ya kunyamaza. Hata Bi Semeni, aliyesimama uani kwa mapengo yake, alikuwa amefumba macho kwa kuridhika. Chumba kilikuwa chake sasa, cha bure, kwa muhuri wa Serikali, muda wote ambao yule mzee hatasimama tena. Tunu alikuwa ametambaa mpaka kwenye kifusi, ameshika pindo la kanzu yenye damu, anataka kusimama nalo.

"Mwacheni, Afande," Mama Tunu akasema. "Huyo si mwenye nyumba. Nyumba haina mwenyewe, kwa kuwa haipo."

"Ni nani basi?"

"Mpangaji wangu."

Kanali akashusha rungu nusu. "Anakulipa kiasi gani?"

"Hanilipi kitu."

"Hakuna kabisa?"

"Hakuna, Afande."

Kanali Magongo akaliteremsha rungu lote. Tangu operesheni ianze alikuwa ameipiga nchi ile akiitafuta kodi ya sifuri, na kumbe ilikuwa hapa, imelala chini, inatokwa damu puani. Akatoa daftari, akaandika kwa uangalifu. Akawaamuru askari sita wampigie Mzee Shomvi saluti, nao wakampigia. Kisha wakaondoka kwenda namba kumi na tano.

Mzee alikaa pale muda mrefu. Hatimaye akajikokota kwa mikono mpaka mlangoni mwa chumba cha nyuma, akaishia nje yake, mahali ambapo kwa miaka yote alikuwa akipiga hodi na kuingia kabla ya kujibiwa. Leo alipiga hodi akangoja.

"Karibu, baba," Mama Tunu akasema. Alikuwa akichana kanga kuukuu vipande vya kufungia goti. "Ila vua viatu hapo nje. Mtoto anatambaa humu."

Mzee Shomvi akainama, akaanza kufungua kamba.